Madesa, koroboi na chura wa Kihansi

UE ndiyo hiyo inabisha hodi, na hapa Ifakara ubishi wa vijiweni umehamia kwenye madesa. Wapo wanaosema tuache kutoa kopi, kila kitu kisomwe kwenye simu, tuokoe miti. Wapo wanaojibu kwamba karatasi haiishi chaji. Mimi naomba tupige hatua nyuma kidogo kihistoria, maana bonde letu la Kilombero na milima yake limeonja karibu kila namna ya kusoma, na kila moja ilikuwa na bei yake.

Tuanze na enzi za ngumbaru. Mwaka 1967, karibu watu wazima wawili kati ya kila watatu nchini walikuwa hawajui kusoma. Serikali ikatangaza vita na ujinga, na kufikia 1975 idadi hiyo ilishashuka hadi asilimia 39 hivi. Umeme vijijini ulikuwa ndoto. Aliyetaka kurudia somo lake usiku aliwasha koroboi au chemli. Mafuta ya taa yalitoka ng'ambo kwa meli, na moshi uliishia kwenye kifua cha msomaji mwenyewe na watoto waliolala pembeni.

Lakini kuna jambo moja wazee wetu walilifanya vizuri sana. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, kisha kijitabu kikasomwa kwa sauti na wote wakajadili. Asiyejua kusoma naye alisoma kwa masikio. Mwaka 1980 mtindo huohuo ukatumika kwenye kampeni ya Misitu ni Mali, yaani taifa likakaa kitako kusoma habari za kutunza miti. Redio moja na vijitabu vichache vilihudumia kundi zima. Hii ikae kichwani, nitairudia.

Sasa, watu wakishajua kusoma wanataka karatasi. Panda TAZARA hapa Ifakara, pita Mlimba, panda mlima kuelekea Makambako, utafika Mgololo. Huko Mufindi, nyanda zilizokuwa za majani zilipandwa misonobari kwa maelfu ya hekta, ndiyo Sao Hill hiyo, na katikati ya miaka ya 1980 kiwanda cha serikali cha Southern Paper Mills kikaanza kutengeneza karatasi. Ndoto ilikuwa nchi ijitosheleze kwa madaftari na vitabu. Haikwenda kama ilivyopangwa. Kiwanda kilisimama, mwaka 2004 kikauzwa kwa mwekezaji kutoka Kenya, na siku hizi kazi yake kubwa ni karatasi za vifungashio kama mifuko ya saruji.

Kwa hiyo anayesema kila kopi inakata mti wa Udzungwa, hapana jamani. Udzungwa inaliwa na mkaa, kuni na mashamba. Ila na anayesema karatasi haina neno kwa kuwa miti inapandwa upya, naye asubiri kidogo. Shamba la misonobari si msitu wa asili, na kiwanda cha karatasi kinakunywa maji mengi, kinataka moto na kemikali. Tofauti ni kwamba rimu nyingi tunazonunua leo madhara yake yako nchi za mbali, kwa hiyo hatuyaoni.

Tuje kwenye simu, maana huko ndiko wengi tunadhani hakuna bei. Mto Kihansi unateremka kutoka Udzungwa na kuingia Kilombero. Katikati ya miaka ya 1990 ulianza kujengewa bwawa la umeme la megawati 180. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti wakakuta kwenye ukungu wa maporomoko chura mdogo wa sentimita 2 hadi 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na haishi popote pengine duniani. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta mbili tu, sawa na viwanja vitatu vya mpira. Mitambo ilipoanza, maji mengi yalihamishiwa kwenye mashine na ukungu ukakatika. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kufugwa, na huku korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji. Walijikongoja hadi 2003, ndipo wakaporomoka ghafla, na ugonjwa wa fangasi unatajwa sana. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 wakaanza kurudishwa Dar es Salaam, na 2012 wakaachiwa tena Kihansi.

Simlaumu msomaji yeyote wa softikopi. Umeme ule uliwasha hospitali na viwanda pia. Ila usiniambie kusoma kwenye skrini hakugusi mazingira, wakati mfano unaojulikana dunia nzima uko kwenye milima tunayoiona kutoka hapa. Na leo Bwawa la Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kutoa umeme 2024, linategemea Rufiji, na karibu asilimia 62 ya maji ya Rufiji yanatoka Kilombero. Mwenye simu kule Tabora naye anachajia maji yetu.

Hesabu ya haraka. Desa la kurasa 200, mbele na nyuma, ni karatasi 100, yaani nusu kilo. Darasa la watu 100 kila mtu na lake ni kilo 50, rimu 20. Simu ukiichaji kila siku inakula uniti 7 hadi 10 za Luku kwa mwaka mzima. Hapo simu inashinda, lakini tu kama unayo tayari na inadumu. Gharama yake kubwa ililipwa kabla hujaiwasha, kwenye migodi kama ya kobalti kule Kongo na kwenye viwanda. Ukibadilisha simu kila bumu likiingia, ushindi wote umeupoteza.

Sasa turudi kwa ngumbaru. Watu watano wakitumia desa moja, rimu 20 zinakuwa nne. Likitunzwa likasomwa na mwaka unaofuata, na wa baada yao, hata simu inaanza kupata mpinzani. Kitabu cha maktaba hesabu ni hiyohiyo. Naona ubishi wa karatasi au skrini unatupotezea muda. Tuulizane kitu kimoja kinasomwa na wangapi na kwa miaka mingapi.

Pendekezo langu kwa darasa: kila kundi la prepo litoe kopi moja, mmoja asome kwa sauti, tubishane, na UE ikiisha madesa yabaki kwa wadogo zetu badala ya kuwashia mkaa.

Nawasilisha. Kila la heri, wadau, na msikeshe sana.