Ujifunzaji Lugha kwa Msaada wa Kompyuta

Kifupi cha Kiingereza cha ujifunzaji lugha kwa msaada wa kompyuta ni CALL. Kwa Kiswahili wapo wanaosema "ufundishaji wa lugha kwa kompyuta", na Kenya wengine huweka "tarakilishi" penye kompyuta. Neno hilo si baya, ila ukilitamka sokoni Same, Tanzania, huenda ukaulizwa ni dawa ya ugonjwa gani. Nabaki na kompyuta.

Ukisema "kufundisha kwa kompyuta", mwalimu ametolewa darasani. Fikra hiyo iliwahi kuwa na nguvu: mfumo wa PLATO, ulioanza mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ulikusudiwa mashine itoe somo, iulize, ipokee jibu na kulisahihisha. "Kwa msaada wa" humrudisha mwalimu, na "ujifunzaji" humtanguliza mwanafunzi.

Tumchukue mtoto wa Upare ya kusini anayeingia Kidato cha Kwanza. Nyumbani huzungumza Chasu, lugha ya Wapare; shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, sasa masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Baadhi ya watu wa huko lugha yao huiita Chathu, maana penye s wao hutamka th. Basi sauti inayowatesa Watanzania wengi, wanaosema "sink" wakikusudia "think", yeye anayo tangu utotoni. Shida yake ni kujua wapi aiweke na wapi aiache. Kompyuta yenye spika na maikrofoni, hata bila intaneti, inamtosha: asikilize neno, ajirekodi, kisha azicheze sauti mbili mfululizo hadi sikio lake lizitenganishe. Katika darasa lililojaa, mwalimu hana muda wa kumsikiliza kila mmoja hivyo. Lakini anayetambua kwamba kosa limetoka kwenye Chasu ni mwalimu.

Kwenye uandishi wa Kiswahili kuna kikwazo kingine. Kisahihishi cha tahajia kinachotegemea orodha ya maneno huenda kikalipigia mstari mwekundu "hawatatusomesha", neno lisilo na kosa lolote, kwa kuwa hakuna orodha inayomaliza viambishi vya kitenzi chetu. Tofauti na orodha hiyo, SALAMA, mfumo uliojengwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, hulichambua neno kiambishi kwa kiambishi. Mwanafunzi asiyeambiwa kwamba kisahihishi huweza kukosea atafuta neno sahihi akiamini mashine.

Shule inayopanga kununua kompyuta za somo la lugha ianze kwa kuwapa mafunzo walimu wake wa lugha. Na maikrofoni zisisahaulike.