Nani aliiazimisha hisa yako?

Januari 2026 ilitimia miaka mitano tangu vurugu za GameStop, kampuni ya Marekani yenye maduka ya michezo ya video. Januari 28, 2021, wanunuzi wadogo waliokuwa wakipeana moyo mitandaoni waliisukuma bei ya hisa moja hadi dola 483, ilhali wiki tatu nyuma haikufika dola 20. Waliokuwa wameazima hisa hizo na kuziuza, wakingoja zishuke, waliungua vibaya. Kumbukumbu za mwezi huo ziliwasifu walionunua na kuwacheka walioungua. Mimi nimebaki na swali ambalo sikuliona likiulizwa: hisa zile ziliazimwa kwa nani, na huyo alilipwa nini?

Asiyelijua jambo hili afikirie gunia la mahindi. Kijana wa Kitale anaona mwezi Juni mahindi ni ghali, na ana hakika wakivuna bei itaanguka. Yeye hana mahindi. Anakwenda kwa jirani mwenye ghala, anaazima gunia, analiuza siku hiyo hiyo, na baada ya mavuno ananunua gunia jingine kwa bei ya chini na kulirudisha. Tofauti anaitia mfukoni. Mavuno yakiharibika na bei ikapanda, ndiye atakayelia. Jirani naye, kama macho yake yako wazi, atadai ujira wa kuazimisha. Kama amelala, atarudishiwa gunia lake na asante.

Mchezo wenyewe ni wa kale. Mwaka 1609 mfanyabiashara Isaac Le Maire wa Amsterdam, aliyekuwa amegombana na Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, aliunda kundi la kuuza hisa za kampuni hiyo ambazo hawakuwa nazo. Bei ilishuka, wakuu wa kampuni wakalalamika kwamba wajane na yatima wanaumizwa, na Februari 1610 serikali ikapiga marufuku. Le Maire alihamia Egmond, na jiwe la kaburi lake linatangaza hadharani kwamba katika miaka 30 alipoteza zaidi ya gulden milioni moja na nusu, ila heshima yake haikupotea. Huko hakukuwa na mwenye ghala wa kuulizwa, maana watu waliuziana ahadi tupu. Biashara ya kuazimishana hisa zenyewe ndiyo iliyokomaa baadaye New York, ambako madalali walikutana soko likishafungwa kukopeshana walichopungukiwa.

Kisa kinachoonyesha vizuri thamani ya mwenye hisa mdogo ni cha Memphis, Tennessee. Aliyekisimulia kwa kina ni John Brooks, katika jarida la The New Yorker mwaka 1959, na mimi namfuata yeye.

Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mwaka 1916, duka la kwanza ambamo mteja alichukua bidhaa rafuni mwenyewe badala ya kumwagiza karani. Leo kila supamaketi ya Nairobi na Dar es Salaam inaendeshwa hivyo. Mwaka 1922 hisa za kampuni yake ziliingia soko la New York. Mwezi Novemba mwaka huo, maduka kadhaa ya upande wa New York yaliyotumia jina la Piggly Wiggly yakafilisika. Hayakuwa ya Saunders, lakini wajanja wa sokoni walijifanya hawajui. Waliazima hisa, wakaziuza, bei ikaanza kuporomoka.

Saunders aliapa kuwakomesha. Alikopa dola milioni 10 kwa mabenki, akamwajiri Jesse Livermore, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amejipatia utajiri kwa kuuza hisa za kuazima, na wakaanza kununua kila kilichouzwa. Utamu wa mpango ulikuwa hapa: muuzaji alipoazima hisa na kuiuza, mnunuzi alikuwa Saunders, na alipotafuta nyingine ya kuazima, mwenye ghala alikuwa huyo huyo Saunders. Ilikuwa kama mwizi anayemuuzia mwenye shamba ndizi za shambani mwake.

Lakini aliogopa kitu kimoja. Akishinda huku hisa zote ziko mikononi mwake, angebaki na mzigo usio na mnunuzi, kwa hiyo ilimbidi awauzie wananchi baadhi mapema. Akatangaza magazetini hisa 50,000 kwa dola 55 kila moja, bei iliyokuwa chini ya ile ya sokoni. Mnunuzi alitanguliza dola 25 na kumalizia kwa awamu tatu za dola 10. Sharti lilikuwa kwamba hati ya hisa hupati mpaka umalize awamu ya mwisho. Watu walidhani ni utaratibu wa kawaida wa mkopo wa dukani. Kumbe Saunders alikuwa amefunga ghala: mtu asiye na hati hawezi kuiuza hisa yake wala kuwaazimisha maadui wa Saunders. Nimesoma hila nyingi za masoko ya fedha, na hii naivulia kofia, hata kama aliyelipa gharama yake alikuwa mteja.

Jumanne, Machi 20, 1923, Saunders alidai akabidhiwe hisa zake. Alikuwa na 198,872 kati ya 200,000, maana yake duniani kote zilibaki 1,128. Bei ilifunguka kwenye dola 75 na nusu, ikapaa hadi 124. Walioazima walikuwa wamekwisha, na sheria ya soko ilikuwa wazi: lete hisa kufikia saa nane na robo mchana kesho yake, au zinunuliwe kwa niaba yako kwa bei yoyote ile.

Hapo wakubwa wa soko wakabadilisha sheria. Walisimamisha uuzaji wa hisa za Piggly Wiggly na kuongeza muda wa kukabidhi hadi wiki iliyofuata. Saunders alifoka, akasema mwenye haraka alipe dola 150 na atakayechelewa atalipa 250, kisha akalazimika kushuka hadi 100. Muda ule wa ziada ulitosha kuwatafuta wenye hisa mojamoja katika miji ya mbali, Brooks akiitaja Albuquerque na Sioux City. Walikuwa watu waliohifadhi hati chini ya godoro, wakabishiwa hodi na kuuza. Vita vya mamilioni viliamuliwa na vikaratasi vya watu hao, na historia haikuhifadhi jina la hata mmoja wao. Nadhani hata hawakujua walichokuwa wamekishika.

Saunders hakuweza kulipa mabenki. Agosti 1923 alijiuzulu kutoka kampuni aliyoiasisi, na jumba la marumaru ya waridi alilokuwa akijijengea likaishia mikononi mwa mji.

Baada ya hapo hati zilitoka chini ya godoro zikaingia kwenye makabati ya madalali, na hatimaye kwenye kompyuta. Hisa ya mtu ikaandikwa kwa jina la dalali. Mwaka 1972 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliweka kanuni ya kulinda hisa uliyoilipia yote isitumiwe na dalali. Ila aliyenunua kwa fedha za dalali hakuwa na ulinzi huo. Hisa zake zingeweza kuazimishwa na ujira ukabaki ofisini. Mifuko ya pensheni ilifunguliwa mlango mwaka 1981 na ikachuma. Mwaka 2008 kampuni ya bima ya AIG ilionyesha upande wa pili, ule wa hasara, baada ya kuchukua fedha za dhamana za waazimaji na kuzitumbukiza kwenye hati za mikopo ya nyumba.

Na GameStop? Ripoti ya Oktoba 2021 ya mamlaka hiyo ya Marekani inasema hisa zilizouzwa kwa kuazimwa zilifika takriban asilimia 123 ya zile zilizokuwa mikononi mwa umma. Si uchawi. Gunia likiazimwa na kuuzwa, aliyelinunua naye anaweza kuliazimisha tena. Mwaka uliofuata Robinhood, dalali aliyependwa na vijana wale wale, alianza kuwaalika wateja wadogo waazimishe hisa zao na kupata sehemu ya ujira. Ni hatua nzuri, lakini karne nzima imepita tangu vita vya Saunders. Na fomu hizo zina maandishi madogo: hisa ikiwa imeazimwa huna kura kwenye mkutano mkuu, na unachopokea badala ya gawio si gawio mbele ya mtoza kodi.

Kenya ina kanuni za kuazimisha na kuuza hisa za kuazima tangu mwaka 2017. Kati ya wanahisa wadogo ninaowafahamu, wengi wao wakiwa na hisa za Safaricom walizonunua kwa shilingi tano mwaka 2008 na kuzisahau, hakuna aliyewahi kuniambia ameombwa kuziazimisha. Ukiwauliza, wanakumbuka madalali walioanguka miaka ile na wateja waliokuta akaunti zao tupu. Siwalaumu. Lakini hisa zilizolala ndizo ghala lenyewe, na siku wenye njaa ya kuazima watakapobisha hodi, itafaa mwenye ghala ajue bei yake. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ingewafaa sana kwa kuzieleza kanuni hizo kwa Kiswahili, na ianze na kifungu kinachosema ujira unakwenda kwa nani.