Daraja Lisilo na Mto

Kusini-mashariki mwa Iceland, kando ya Barabara Namba 1, kuna daraja la njia moja lenye urefu wa mita 880 lililobaki juu ya changarawe kavu. Mto Skeiðará, uliolifanya lijengwe, ulihama.

Vibasi vya watalii hulipita mbio. Abiria wake wametoka Reykjavík kukiwa bado giza, maana Desemba jua la huko huchomoza baada ya saa tano asubuhi na kuzama kama saa tisa na nusu alasiri. Mwanga ni mchache na mambo ya kuona ni mengi: maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, kisha barafu kuu ya Vatnajökull, kisha mapango ya barafu. Wengi huamini wanakwenda kutazama vitu vya kale visivyobadilika. Historia ya njia hii inasema vingine kabisa.

Hata maporomoko yenyewe, yote mawili yenye kimo cha mita zipatazo 60, yanashuka kwenye majabali yaliyokuwa ufuo. Zamani mawimbi yalipiga pale pale ambapo leo watalii hupiga picha. Bahari imesogea mbali kilomita kadhaa, ikaacha uwanda wa malisho.

Zaidi ya hapo inaanza nchi ya barafu. Vatnajökull ina kilomita za mraba zipatazo 7,700, zaidi ya mara nne ya kisiwa cha Unguja, na chini yake kuna volkano zilizo hai. Mwaka 1362 mojawapo ya volkano hizo, Öræfajökull, ililipuka na kuangamiza wilaya nzima iliyoitwa Litla-Hérað. Watu waliporudi kuishi hapo, waliiita Öræfi, yaani nyika tupu. Jina hilo halijabadilika hadi leo.

Wakazi wa Öræfi waliishi kama wafungwa wa maji. Mito inayotoka chini ya barafu hubadili njia kila msimu, maji yake ni ya kijivu kwa tope, na kina chake hakionekani. Aliyetaka kuvuka alihitaji farasi aliyefunzwa kazi hiyo, ambaye wenyeji walimwita farasi wa maji, na mtu wa kumwongoza anayejua kuusoma mkondo. Tarishi wa posta walivuka hivyo mwaka baada ya mwaka, barua zikiwa mgongoni mwa farasi. Hao ndio waongozaji wa kwanza wa njia hii, na wanastahili kukumbukwa kuliko wanavyokumbukwa.

Magari yalipokuja, Skeiðará haukuyajali. Mwaka 1967 daraja lilijengwa upande wa mashariki, kwenye mto Jökulsá, lakini mkazi wa Öræfi aliyetaka kufika Reykjavík kwa gari bado alilazimika kuzunguka kisiwa karibu chote kwa upande wa kaskazini. Ndipo serikali ikawauzia wananchi hati za mkopo zenye bahati nasibu ili kupata fedha za kuufunga mzunguko. Daraja la Skeiðará lilifunguliwa Julai 1974, mwaka ambao taifa liliadhimisha miaka 1,100 tangu walowezi wa kwanza wafike. Kwa mara ya kwanza, gari liliweza kuizunguka Iceland yote.

Miaka 22 baadaye barafu ilijibu. Mwishoni mwa Septemba 1996 volkano ililipuka chini ya Vatnajökull. Maji yaliyoyeyuka yalikusanyika katika ziwa Grímsvötn, lililofunikwa na barafu, na kwa zaidi ya mwezi mmoja watu walisubiri. Asubuhi ya Novemba 5 yaliinua barafu na kutoka kwa kishindo, yakibeba mapande makubwa kama nyumba. Daraja la mto jirani, Gígjukvísl, lilisombwa lote. La Skeiðará lilipoteza sehemu. Barabara ilikuwa imefungwa, hivyo hakuna aliyekufa. Vyuma vilivyopindwa na mafuriko vimewekwa kando ya barabara, na ukivitazama unaelewa kwa nini neno la wenyeji la mafuriko hayo, jökulhlaup, limechukuliwa na wanasayansi wa dunia nzima.

Mwaka 2009 barafu ilikuwa imerudi nyuma kiasi kwamba Skeiðará uliacha mkondo wake na kumwaga maji yake Gígjukvísl. Mwaka 2017 magari yakahamia kwenye daraja dogo jipya.

Kinachopendwa zaidi katika ziara, ziwa Jökulsárlón lenye vipande vya barafu vinavyoelea, hakikuwepo mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati huo ulimi wa barafu wa Breiðamerkurjökull ulikaribia kugusa bahari, baada ya kumeza mashamba ya watu katika karne zilizotangulia. Ziwa lilianza kuonekana miaka ya 1930, barafu ilipoanza kurudi. Leo lina kina cha zaidi ya mita 240, na hakuna ziwa Iceland linaloshinda kina hicho.

Aliyeanza kuuelewa mwendo huu wa barafu alikuwa tabibu, Sveinn Pálsson. Mwaka 1794 alipanda Öræfajökull, akatazama chini na kuona kwamba barafu hutiririka polepole, kama kitu kizito cha majimaji. Aliandika yote hayo, lakini kazi yake ilikuja kuchapishwa miaka ya 1880, wakati wengine walikwishapata sifa.

Mapango hutokana na mwendo huohuo. Kiangazi, maji ya juu huingia kwenye nyufa na kuchimba mifereji chini ya barafu. Baridi ikikaza, maji hukatika, mfereji hubaki mtupu na paa hukakamaa. Barafu iliyoshindiliwa miaka mingi haina mapovu ya hewa. Humeza wekundu wa mwanga na kuacha samawati. Kwa kuwa mapango husubiri baridi, msimu wake ni takribani Novemba hadi Machi.

Agosti 25, 2024, kundi la watalii 23 lilikuwa Breiðamerkurjökull kiangazi, nje ya msimu huo. Barafu iliporomoka, Mmarekani mmoja akafa na mwenzake akajeruhiwa. Waokoaji walikata barafu kwa mikono hadi kesho yake wakitafuta watu wawili zaidi, kumbe hawakuwepo: hesabu ya abiria ilikosewa. Ni kosa lisilostahili kutokea mahali ambapo tarishi wa zamani hakuingia mtoni kabla ya kuupima.

Kila vuli waongozaji hupanda tena na kamba na viatu vya meno ya chuma kutafuta pango la msimu. La mwaka jana mara nyingi limekwishaanguka, au limejaa maji.