Nani anamuuliza injinia? Safari ndefu ya Ordre ya wainjinia wa Congo

Kasomeno ni njia panda. Barabara inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa: mkono mmoja unashuka Kasenga kwenye mto Luapula, mwingine unapanda kuelekea Pweto. Familia zilizokimbia Mitwaba na Pweto wakati wa Bakata Katanga zinaijua njia hiyo, maana wengine waliitembea kwa miguu na watoto mgongoni. Siku hizi jina la Kasomeno limeandikwa pia kwenye makaratasi ya mradi mkubwa, barabara ya kulipia ya kufika Mwenda, upande wa Zambia, pamoja na daraja la kuvuka Luapula. Kampuni inayojenga imepewa kazi na serikali mbili. Lakini daraja likikosewa, atakayeingia majini ni mama mwenye kitunga cha samaki, ambaye hakumchagua injinia wala hakumlipa.

Basi nani anamuuliza injinia huyo, siku akikosea?

Kwa kazi nyingine inchi yetu ilijibu zamani. Waganga wa hospitali walipata Ordre yao kwa sheria ya mwaka 1968. Wana baraza la kitaifa na mabaraza ya majimbo, na mganga ambaye jina lake haliko kwenye orodha haruhusiwi kutibu. Mawakili nao wanaongozwa na sheria ya Septemba 1979. Kila barreau iko pamoja na Korti ya Rufaa, mawakili wenyewe wanakutana na kumchagua bâtonnier na washauri wake, na kijana anayeanza anafanya kwanza mafunzo chini ya mkubwa. Baraza hilo linaweza kumwonya wakili, kumsimamisha kwa muda, hata kumfuta. Nguvu yote iko kwenye orodha. Aliyefutwa hawezi tena kusimama mbele ya korti kama wakili, hata akiwa na diploma tatu ukutani.

Wainjinia walingoja mpaka Desemba 2018. Ni miaka hamsini nyuma ya waganga. Ajabu zaidi ni kwamba Katanga, inchi ya shimo na mitambo, iliishi na wainjinia kila siku tangu Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906.

Sababu moja iko palepale kwenye kampuni. Wakati wa ukoloni injinia alikuwa mzungu mwenye nyumba ya kampuni na hospitali ya kampuni. Akikosea, mkubwa wake alimwita ofisini na mambo yakaishia humo. Hata utafiti wa mawe na madini ulikuwa mikononi mwa wenye mali: Union Minière kwa upande mmoja, na Comité Spécial du Katanga kwa upande mwingine. Comité hiyo ilizaliwa mwaka 1900 na watu sita ndio waliiongoza, wanne wakitajwa na dola na wawili na Compagnie du Katanga. Hakuna kiti cha mwenye kijiji. Chuo kikuu cha Élisabethville kilifunguliwa mwaka 1956 tu, na uhuru ulipofika mwaka 1960 Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika thelathini katika inchi nzima. Ordre ingeundwa na nani?

Halafu ikaja Gécamines, na desturi ikabaki ileile. Vijana waliosoma waliingia kazini, wakapanda vyeo, kampuni ikawa baba na hakimu. Mpango huo ulifaa kwa kiasi fulani kwa muda wote kampuni iliposimama. Mwaka 1990 shimo la Kamoto liliporomoka. Uzalishaji wa shaba, uliokuwa umepita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kujitolea, ingawa waliouishi wana jina lingine kwa jambo hilo. Mashirika madogo na wageni wakajaa. Injinia akawa mtu wa kutafuta soko lake mwenyewe, na mkubwa wa kumwita ofisini hakuwepo tena.

Ndiyo hali iliyoikuta sheria ya 2018, iliyounda Ordre national des ingénieurs civils. Neno « civil » linawadanganya wengi. Kwa desturi tuliyoirithi kutoka Ubelgiji, ingénieur civil si mjenzi wa barabara peke yake. Ni yeyote aliyemaliza masomo marefu ya uinjinia ya chuo kikuu, awe wa madini, umeme, mitambo au ujenzi.

Majirani walipita njia nyingine. Tanzania iliandika sheria ya kusajili wainjinia mwaka 1968, ikaibadilisha mwaka 1997, na usajili uko kwenye bodi ya serikali. Kenya nayo ina bodi chini ya sheria ya 2011, na pembeni kuna chama ambacho wainjinia wanaingia na kuchagua viongozi wao. Kwetu, katika mfumo wa Ordre, wenye kazi wanachaguana, wanashika orodha na wanahukumiana wenyewe. Uzuri wake ni kwamba anayepima kosa la hesabu anaielewa hesabu. Hatari yake inajulikana pia: mwenzako wa darasani hakuhukumu kwa ukali. Mwanakijiji wa hapa hana kiti humo, na wengi hawajui kwamba malalamiko juu ya injinia yana mahali pa kupelekwa.

Kuna na jambo la jina lenyewe. Ordre hii ni ya ingénieurs civils. Wanaoziba mashimo ya barabara wakati wa mvua, wanaochimba visima kwenye kambi za waliokimbia vita, mara nyingi ni wateknisia na makapita. Hao si ingénieurs civils.