Kumbe Yale Maji ya Bluu Yalikuwa ya Kutupwa! Kisa cha Mwanamama Aliyeificha Spa Ndani ya Lava

Wadau wa kula bata picha hii wanaijua: maji ya bluu yenye weupe kama wa maziwa, mvuke unafuka, mrembo kajipaka udongo mweupe usoni, na nyuma yake mawe meusi tii. Hapo ni Blue Lagoon, kule Iceland. Wengi wakiiona wanadhani ni chemchemi ya asili, iko hapo tangu enzi za mababu. Wapi! Lile bwawa halijatimiza hata miaka 60, na lilianza kama maji ya kutupwa.

Kituo cha jotoardhi cha Svartsengi, kwenye rasi ya Reykjanes, kilianza kujengwa mwaka 1976. Kazi yake ni kutoa maji ya moto kutoka visima vinavyofika karibu kilomita 2 chini ya ardhi, yapatikane umeme na joto la majumbani. Maji yenyewe ni mchanganyiko wa maji ya bahari na maji baridi, yamepikwa huko chini na kubeba madini kibao. Yakishamaliza kazi, yalikuwa yanamwagwa nje kwenye mawe ya lava. Hesabu ya wahandisi ilikuwa rahisi tu: lava ina matundu kama sponji, maji yatazama na habari yake itaishia hapo.

Hayakuzama. Ndani yake kuna silika, na silika ikipoa inakuwa tope jeupe laini. Tope likaziba matundu, dimbwi likazidi kutanuka. Hata ule ubluu unatokana na silika hiyo hiyo inavyotawanya mwanga. Kwa wahandisi ilikuwa kero tupu.

Mwaka 1981 akatokea mtu mmoja aliyesumbuliwa na soriasisi, ule ugonjwa unaofanya ngozi ibabuke magamba. Dawa zilikuwa zimemchosha. Akaomba ruhusa aoge kwenye dimbwi la kiwanda, na walioombwa wakamruhusu. Ngozi ikapata nafuu. Habari zikasambaa kwa wagonjwa wenzake, kisha hata kwa wasioumwa chochote. Mwaka 1987 pakajengwa pa kubadilishia nguo, mwaka 1992 ikaundwa kampuni.

Hapo ndipo anapoingia mwanamama wa kisa hiki, msanifu majengo wa hukohuko Iceland. Kampuni ilitaka kuhama kutoka ubavuni mwa kituo cha umeme, ihamie mita kama 800 kutoka hapo, katikati kabisa ya lava. Na si lava yoyote. Ile ilimwagika mwaka 1226, na wenyeji wanaiita Illahraun, yaani lava mbaya. Imepasukapasuka, ina ncha za kukata kiatu, na juu yake kumeota mimea laini ya kijani iliyojitandaza kama zulia. Zulia hilo ukilikanyaga hovyo, alama inabaki miaka na miaka.

Mtu mwingine angeita katapila, asawazishe, apande nyasi, aweke chemchemi ya urembo na bango kubwa la kung'aa. Ndivyo wanavyofanya wengi, na sio kule tu. Huyu mama aliiacha lava iamue. Jengo la mwaka 1999 limelala chini, halishindani na chochote. Gari linabaki mbali, na mgeni anatembea kwa miguu kwenye njia nyembamba iliyokatwa ndani ya lava, kuta za mawe huku na huku, haoni jengo vizuri wala haoni maji. Anaanza hata kujiuliza kama kapotea. Akishaingia ndani ndipo anakutana na kioo kikubwa, na bluu yote iko mbele yake. Ukuta wa lava unaingia hadi ndani ya jengo, mpaka unashindwa kusema nje imeishia wapi. Bwawa jipya lilichimbwa kufuata miinuko na mabonde ya lava ile ile, halikuchorwa kwa rula.

Ubishi wa kwamba hapo hakuna "asili" yoyote, kwa sababu maji yanatoka kiwandani, una ukweli wake. Lakini hapo ndipo kazi yake inapopendeza. Hakujifanya kiwanda hakipo. Mvuke wa kituo unaonekana ukiwa ndani ya maji, na wala haukeri.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili si geni. Olkaria, karibu na Naivasha, KenGen ilifungua spa mwaka 2013 inayotumia maji yaliyokwisha kuzalisha umeme, na wataalamu wengi wa jotoardhi wa Kenya wamesomea Iceland. Safari ya wazo hilo haihitaji kubuniwa.

Mwaka 2018 mwanamama huyo huyo, na wenzake, wakaongeza hoteli ya kifahari pembeni. Mipasuko ya ardhi ndiyo ikaongoza mpangilio wa kuta. Yaani unalala juu ya ufa wa volkeno, na unalipa hela nyingi kwa raha hiyo.

Ila lava ile ilikuwa imelala karibu miaka 800. Mwaka 2021 rasi ikaamka. Novemba 2023 ardhi ikatetemeka mfululizo, spa ikafungwa, na usiku wa tarehe 10 mji jirani wa Grindavík, wenye watu kama 3,800, ukahamishwa wote. Desemba moto ukatoka. Januari 2024 lava ikaingia mjini na kuunguza nyumba. Serikali ikaagiza matuta makubwa ya udongo na mawe yazunguke kituo cha umeme na spa. Jengo lililojificha ili lisizibe mandhari, sasa mandhari yake imezibwa na matuta ambayo hayakuwemo kwenye mchoro wa mtu yeyote.

Novemba 2024 lava ikafunika maegesho ya magari, yale yaliyowekwa mbali makusudi ili watu watembee. Jengo lenyewe likabaki salama, na Desemba wageni wakarudi majini.

Grindavík ni habari nyingine. Serikali ilijitolea kununua nyumba za wakazi, na wengi walikubali kuuza. Wageni wanaoga, wanapiga picha, wanakunywa vyao. Umbali wa dakika chache kwa gari, mtaa baada ya mtaa, nyumba zimesimama na hazina mtu.