Kalori za Kwenye Saa Zilitoka Wapi

Kabla kalori za mwili hazijafika kwenye kioo cha saa, zilipimwa kwa barafu. Majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimfungia simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakasubiri, kisha wakapima maji yaliyoyeyuka. Zaidi ya karne moja baadaye, mjini Middletown, Marekani, Wilbur Atwater na Edward Rosa walijenga chumba kidogo kilichozibwa pande zote. Mtu aliishi humo siku kadhaa, akila, akilala na kukanyaga baiskeli isiyokwenda popote. Chakula alipitishiwa kwenye kidirisha, maji ya mabomba yakabeba joto lake, na hewa aliyoitoa ikachunguzwa. Ilikuwa kazi ghali na ya kuchosha, lakini kilichopimwa kilikuwa joto lenyewe. Tangu hapo kila hatua imerahisisha kazi kwa kutuweka mbali zaidi na joto hilo, na ndiyo maana ninashikilia kwamba tarakimu ya saa ni kadirio, wala haistahili kumwamulia mtu sahani yake ya jioni.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1919, James Arthur Harris na Francis Benedict walipochapisha kanuni ya kukisia nishati ya mwili uliopumzika kwa kujua jinsia, uzito, urefu na umri tu. Waliijenga juu ya vipimo vya wanaume 136 na wanawake 103. Saa ya leo inapowashwa mara ya kwanza huuliza mambo yaleyale manne. Juu ya hayo huongeza mtikisiko wa mkono na mapigo ya moyo yanayosomwa kwa taa ndogo chini ya saa. Lakini moyo huenda mbio hata kwa hofu au jua kali, na mkono wa anayesukuma mkokoteni uliojaa saruji hautikisiki kama wa mtu anayetembea mikono mitupu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya kuvaa mkononi kwa watu 60. Kwenye mapigo ya moyo, vingi vilifanya vizuri. Kwenye kalori, kilicho bora kilikosea kwa asilimia 27, na kibaya zaidi kwa asilimia 93.

Wapo wanaosema kosa si neno, mradi ni lilelile kila siku: mizani inayozidisha nusu kilo bado itakuonyesha kama unapungua. Hoja hiyo ingesimama kama kosa lingekuwa halibadiliki. Utafiti huohuo ulikuta kosa la vifaa likitofautiana kati ya kutembea na mazoezi mengine, na likiwa kubwa zaidi kwa wanaume, kwa watu wanene na kwa wenye ngozi nyeusi. Jambo hili la mwisho linatuhusu sana sisi.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Waliwanywesha maji yenye aina nzito za haidrojeni na oksijeni, kisha wakafuatilia kwenye mkojo jinsi kila moja ilivyopungua, na tofauti yake ikawaonyesha hewa ya kaboni iliyotolewa, yaani nishati iliyotumika. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili, nishati yao ya siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa sana. Ni kweli waliopimwa walikuwa wachache, na matokeo hayo hayamaanishi mazoezi ni bure, kwani moyo na mishipa vinayahitaji. Ila yanatikisa hesabu ya kujumlisha ambayo saa imejengwa juu yake, kwamba kila hatua huongeza kalori zake juu ya jumla ya siku. Wahadzabe hao nao walivaa vifaa, vya kurekodi safari zao kwa setilaiti. Kama watafiti wangekisia nishati kwa kilomita hizo peke yake, bila chupa za mkojo, wangeondoka Eyasi na jibu lisilo sahihi.