Chupa Yako Iache Bandarini

Wasee, binamu yangu ni mhudumu wa baa kwenye meli ya kitalii, zile ghorofa zinazoelea ambazo mara moja moja zinatia nanga Mombasa. Mwezi uliopita alinitumia picha ya chupa ya dawa ya kusukutua mdomo. Kijani, kifuniko kimekaza, ungeapa imetoka dukani asubuhi hiyo. Ndani kulikuwa na vodka iliyotiwa rangi ya keki. Mgeni mmoja, mzee wa watu, alikuwa amenaswa nayo siku ya kupanda meli.

Nilicheka sana. Nikamwandikia: "Huyo mzee ni wetu kabisa." Kwa sababu tuseme ukweli, nani kati yetu hajawahi kuficha kachupa kwa koti akiingia klabu?

Binamu hakucheka. Alijibu: "Cheka tu. Hiyo chupa ni pesa yangu."

Nitarudi kwa hilo jibu. Lakini lilinitoa usingizi, nikaanza kuchimba. Hii vita ya kuingiza pombe yako melini ilianza lini? Na kwa nini haiishi?

Tuanze na Waingereza. Enzi za meli za tanga, baharia wa jeshi lao la majini alikuwa na mgao wa galoni moja ya bia kwa siku, yaani kama lita nne na nusu. Maji ya kwenye mapipa yalioza haraka, bia ilijikaza kidogo. Lakini safari ndefu za nchi za joto zilikuwa zinaichachisha pia. Halafu mwaka 1655 wakaiteka Jamaica, wakakutana na ramu, pombe ya miwa ambayo haiharibiki hata uzunguke nayo dunia. Mgao ukaja kuwa nusu painti ya ramu kwa siku, karibu mililita 284. Manze, hiyo ni zaidi ya robo lita ya pombe kali, kila siku, kwa mtu ambaye kazi yake ni kupanda mlingoti.

Matokeo unayajua. Agosti 1740, Admirali Edward Vernon akachoka na walevi, akaamuru ramu ichanganywe na maji, sehemu nne za maji kwa moja ya ramu, na igawanywe mara mbili kwa siku. Vernon alipenda kuvaa koti la kitambaa kilichoitwa grogram, kwa hivyo mabaharia walikuwa wakimwita "Old Grog." Kinywaji chake cha majimaji kikaitwa grog, na jina likabaki hadi leo.

Sasa jiulize: kama pombe ni ya bure na inakuja kila siku, mtu aingize yake ya nini? Ni kwa sababu ile ya bure ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa na saa yake na kipimo chake, na ukikosea adabu mgao wako unakatwa. Mabaharia wenyewe waliigeuza kuwa pesa: ukinisaidia zamu, nakuachia fundo moja la ramu yangu. Kwa hivyo aliyeshika funguo za pipa alikuwa ameshika mshahara wa pili wa meli nzima. Chupa ya kujiletea ilikuwa njia ya kumkwepa, na ukishikwa nayo, mgongo wako ulikutana na mjeledi.

Na walikuwa wajanja, wasee. Frederick Marryat, nahodha wa majini aliyegeuka mwandishi wa riwaya, ameeleza mchezo wao huko visiwa vya Karibi. Wachuuzi walikuja na nazi. Maafisa wanaona vijana wanakunywa maji ya nazi, afya tele, kumbe maji yalimwagwa zamani na ndani kumejazwa ramu. Fikiria dafu la pale kivukoni Likoni, lakini lina wiski. Mzee wa dawa ya kusukutua hakuvumbua kitu.

Mgao huo wa Waingereza uliendelea kupunguzwa polepole lakini ulidumu hadi tarehe 31 Julai 1970. Siku hiyo ya mwisho mabaharia wengine walivaa vitambaa vyeusi mkononi kama watu wa matanga.

Sasa ruka Marekani. Januari 1920 pombe inapigwa marufuku nchi nzima. Swali likazuka: meli je? Mwaka 1922 mwanasheria mkuu wao akasema meli ya Marekani ni ardhi ya Marekani popote iliko, kwa hivyo hakuna pombe hata katikati ya Atlantiki. Na meli za kigeni zisiingie na pombe kwenye maji ya Marekani, ambayo wakati huo yalihesabiwa maili tatu za bahari kutoka ufukweni.

Kampuni za meli zikaenda mahakamani. Aprili 1923 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa kushangaza: meli za Marekani zinaweza kuuza pombe zikiwa mbali baharini, lakini meli za kigeni haziruhusiwi kuingia na pombe kwenye maji ya Marekani, hata kama imefungiwa stoo. Juni mwaka huo maafisa wa Marekani wakapanda meli za Waingereza pale New York, zikiwemo Baltic na Berengaria, wakavunja mihuri ya serikali ya Uingereza na kubeba pombe. Ilibidi nchi hizo mbili zikae chini na kuandikiana mkataba mwaka 1924: Waingereza wakaruhusiwa kuingia na pombe yao mradi imefungwa kwa muhuri, na Marekani ikaruhusiwa kukagua meli zao mbali zaidi ya zile maili tatu. Serikali mbili zikisaini mkataba juu ya chupa za kwenye meli, jua kuna doh hapo.

Na kweli ilikuwepo. Serikali ya Marekani ilikuwa na meli yake kubwa ya fahari, Leviathan. Hata baada ya mahakama kusema inaweza kuuza, wakubwa waliona aibu serikali iliyopiga marufuku pombe ionekane ikiiuza, kwa hivyo meli ikasafiri kavu. Abiria wenye kiu wakapanda za Waingereza na Wafaransa. Baadaye, uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, kampuni zilizokuwa na meli tupu zikabuni kitu kipya: unapanda New York, meli inatoka hadi nje ya mipaka, inazunguka siku chache baa ikiwa wazi, inakurudisha ulikotoka. Safari za kutoenda popote! Desemba 1933 marufuku ikaondolewa, lakini somo lilikuwa limeingia: kuna watu watalipa nauli ya meli kwa sababu ya baa tu.

Somo hilo lilikuja kuwa muhimu Oktoba 1958, ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki. Nani atakaa baharini siku tano kama anaweza kufika kwa saa chache? Meli za abiria zikaanza kufa. Zilizopona ni zile zilizoacha kuuza safari na kuanza kuuza raha. Mwaka 1972 Ted Arison alianzisha Carnival kwa meli moja kuukuu, Mardi Gras, ambayo safari yake ya kwanza kabisa ilikwama kwenye mchanga karibu na Miami. Leo Carnival ndiyo kubwa kuliko zote duniani, na karibu theluthi moja ya mapato yake haitoki kwa tiketi. Inatoka kwa vitu unavyonunua ukishapanda: baa, kasino, matembezi, picha.

Hapo ndipo utaelewa sheria za leo. Kwenye Carnival, mtu mzima anaruhusiwa kupanda na chupa moja ya waini, mililita 750, siku ya kwanza. Pombe kali, hapana. Ukinunua ramu kisiwani, wanaichukua na kukurudishia mwisho wa safari. Mwaka 2015 walipiga marufuku hata maji na soda za chupa, kwa sababu wajanja walikuwa wanajazia vodka humo. Mizigo yote inapita kwenye eksirei.

Watakwambia ni usalama. Na sitabisha moja kwa moja. Mlevi kwenye klabu ya Westlands anaitiwa teksi. Mlevi kwenye ghorofa ya kumi na mbili baharini ana reli moja tu kati yake na maji. Hiyo ni hoja ya kweli.

Lakini kampuni hiyo hiyo inakuuzia kifurushi cha vinywaji chenye kikomo cha pombe 15 kwa saa 24. Kumi na tano! Na ukikinunua, mtu mzima mnayelala naye chumba kimoja lazima naye akinunue. Buda, kama shida ni ulevi, hiyo hesabu imetoka wapi? Kwa macho yangu hii ni funguo za pipa zile zile za mwaka 1740. Tofauti ni kwamba zamani mwenye pipa alikupa ramu ili ufanye kazi, na sasa anakuuzia kokteli ili umlipe. Kwa wote wawili, chupa ya mfukoni ndiyo adui, kwa sababu baharini hakuna duka la jirani. Kiu yako ina muuzaji mmoja tu.

Hadi hapo nilikuwa upande wa mzee wa dawa ya kusukutua, mia kwa mia. Nikampigia binamu nimpe hotuba yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza: "Unajua kila kinywaji kina asilimia ya huduma juu yake? Hiyo ndiyo inalipa karo ya mtoto wangu. Mgeni akijiletea mzinga wake, kampuni haitalala njaa. Ni mimi."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Ninachoona sasa ni kwamba mwenye pipa amejipanga vizuri kuliko Vernon. Amechukua mshahara wa mhudumu akaufunga kwenye glasi ya mgeni, ili mgeni akiiba uhuru kidogo, anayeumia ni kijana wa Likoni. Wawili hao wanawindana mlangoni, na mwenyewe hayupo hata kwenye meli.

Kwa hivyo ukiniuliza kama ni makosa kupanda na kachupa kako, nitakwambia historia iko upande wako. Lakini ukishikwa, usimkasirikie aliyekushika. Na ukifanikiwa kupita, basi hiyo pesa uliyookoa mpe mhudumu mkononi, noti taslimu, isipitie kwa mtu.

Wewe ungekuwa binamu yangu, ungeripoti ile chupa ya kijani ama ungeangalia kando?